Rangi yenye Jina la Kongo, na Madini yenye Matundu ya Kuikamata



Katika vyumba vya shimi vya shule nyingi duniani mna chupa ndogo ya unga mwekundu, na juu yake jina limeandikwa: Rouge Congo, ni kusema Nyekundu ya Kongo. Mwanafunzi wa kwetu akisoma jina hilo, labda atafikiri kwamba unga ule umetoka katika mti au katika udongo wa nchi yetu. Sivyo hata kidogo. Unga ule ulizaliwa Ulaya, na jina letu uliliazima tu.

Lakini siku hizi jina hilo linarudi katika habari nyingine. Wenye elimu wa nchi nyingi wanatumia rangi hiyo kwa kupima vitu vipya vyenye matundu madogo mno, ambavyo kazi yao ni kukamata taka za rangi ndani ya maji. Tena kimoja cha vitu hivyo hutengenezwa kwa kobalti, madini ambayo nchi yetu inatoa kuliko nchi nyingine zote za dunia. Inafaa basi tuelewe mambo matatu: rangi ile ni nini, vitu vile vinafanya kazi namna gani, na tena vinaweza nini na haviwezi nini. Jambo hili la tatu ndilo kubwa, kwa sababu watu watatuuliza juu yake.

1. Namna rangi ilivyopata jina letu

Mwaka 1883 Mdachi mmoja, Paul Böttiger, aliyefanya kazi kwa kampuni ya Bayer kule Elberfeld, alikuwa akitafuta rangi mpya za nguo. Wakati ule kutia pamba rangi kulikuwa kazi ya taabu: sherti kwanza nguo ilowekwe katika dawa ya kushikisha rangi, la sivyo rangi ingetoka kwa kufuliwa. Böttiger alipata rangi nyekundu kali iliyoshika pamba yenyewe, bila dawa nyingine. Aliiandikisha kwa jina lake mwenyewe, kiisha akaiuza kwa kampuni nyingine, AGFA ya Berlin. Kampuni hiyo ilianza kuifanyia biashara mwaka 1885.

Sasa tuangalie tarehe. Tangu 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885, katika mji uleule wa Berlin, wajumbe wa mataifa ya Ulaya na wa Marekani walikuwa wakikutana juu ya mambo ya Afrika, na zaidi juu ya bonde la mto Kongo. Neno « Kongo » lilikuwa katika vinywa vya watu wote. Wafanya biashara walijua kwamba jina lenye sifa linauza bidhaa, wakaiita rangi yao Nyekundu ya Kongo. Ikauzwa sana, na baada yake zikafuata rangi nyingine zenye jina hilohilo: ya machungwa, ya kahawia, ya buluu, zote « za Kongo ». Hakuna Mkongo aliyeitengeneza hata moja kati ya hizo.

2. Kwa nini rangi ni adui wa maji

Nyekundu ya Kongo ni ya jamaa kubwa ya rangi ziitwazo « azo ». Jina hilo linatoka katika neno azoti, kwa sababu katikati ya kila molekuli mna atomu mbili za azoti zilizoshikana kwa nguvu. Zaidi ya nusu ya rangi zinazotumiwa leo kwa nguo ni za jamaa hiyo.

Rangi nzuri ya nguo ni rangi gani? Ni ile isiyotoka kwa sabuni, isiyopauka kwa jua, isiyooza kwa jasho. Basi, sifa hiyohiyo tunayoipenda katika nguo ndiyo inayoleta hasara mtoni. Taka za jikoni zikitupwa majini, vijidudu vidogo huzila, na baada ya siku chache zimekwisha. Rangi haikufanywa kusudi iliwe. Inakaa. Tena kidogo tu kinatosha: gramu moja ya rangi kali katika litri 1000 za maji inaweza kuonekana kwa macho. Maji yakiwa meusi kwa rangi, mwanga wa jua haufiki chini, majani ya majini hayapati kukua, na samaki hukosa hewa na chakula.

Kuna ubaya mwingine usioonekana. Katika matope ya chini yasiyo na hewa, vijidudu vingine huweza kukata zile azoti mbili. Hapo rangi hupotea machoni, na mtu akiona anafurahi. Lakini molekuli iliyokatwa imeacha vipande vyake. Kipande kimoja cha Nyekundu ya Kongo ni benzidini, nayo yajulikana pasipo shaka kuwa inaleta kansa ya kibofu cha mkojo kwa watu. Habari ya kansa hiyo ni ya zamani: mwaka 1895 mganga mpasuaji Ludwig Rehn wa Frankfurt alionyesha kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha rangi walikuwa wakipata uvimbe wa kibofu. Baadaye ndipo ilipotambulikana kwamba benzidini ni mmoja wa wenye hatia.

Tushike basi neno hili la kwanza: maji yasiyo na rangi si lazima yawe maji safi.

3. Nyumba ya nguzo na mambao

Tangu zamani watu wamesafisha maji kwa makala. Katika viwanda hutumia makala yaliyochomwa kwa namna ya pekee, mpaka yakawa na matundu mengi sana ndani yake. Rangi hugusa kuta za matundu, ikashikwa. Kuta zikiwa nyingi, fasi ya kushika ni kubwa. Lakini matundu ya makala hayakupangwa: mengine makubwa, mengine madogo, mengine yamezibika, kama mashimo ya mchwa katika kichuguu.

Wana-shimi walijiuliza: je, haiwezekani kujenga kitu chenye matundu yaliyo sawa, kwa kipimo tunachotaka, kama fundi ajengavyo nyumba?

Jibu lilichukua miaka mingi. Mwaka 1974 Richard Robson, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Melbourne kule Australia, alitaka mipira ya mbao ya kuwaonyesha wanafunzi namna atomu zinavyoungana. Ilibidi kila mpira utobolewe matundu, na vijiti viingizwe ndani. Akaona kwamba matundu yakitobolewa fasi inayofaa, vijiti vyenyewe vinaonyesha nyumba itakavyosimama. Akafikiri: atomu za madini nazo zina fasi zao za kuunganishwa, mbona tusizitumie namna hiyo? Mwaka 1989 alitangaza kazi yake: atomu za shaba zilizounganishwa na molekuli zenye mikono minne, zikafanya kiunzi chenye vyumba vitupu ndani yake. Kiunzi chake kilikuwa dhaifu, kilianguka upesi.

Mwaka 1997 Susumu Kitagawa wa Ujapani alionyesha viunzi vya kobalti, nikeli au zinki ambavyo gazi huweza kuingia na kutoka pasipo nyumba kuharibika. Omar Yaghi, aliyezaliwa mwaka 1965 kule Amman katika Yordani, katika jamaa ya wakimbizi Wapalestina, na kulelewa katika nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba, alikuwa kule Marekani akifanya kazi hiyohiyo. Mwaka 1995 alitangaza viunzi vya shaba na vya kobalti, akavipa jina ambalo kifupi chake ni MOF. Mwaka 1999 alitoa kiunzi cha zinki kilichovumilia moto wa digri 300 bila kubomoka. Watu hawa watatu walipewa pamoja tuzo ya Nobel ya shimi mwaka 2025.

Namna ya kukijenga kiunzi ni hivi. Atomu za madini ni kama viungo vya pembeni; molekuli ndefu za kaboni ni kama mambao. Mwana-shimi huyeyusha chumvi ya madini katika maji au katika alkoli, huyeyusha mambao katika chombo kingine, kiisha huchanganya. Vingine vyahitaji moto na siku kadha, vingine vinajijenga vyenyewe mezani. Hakuna mkono unaoweza kupanga vitu vidogo hivyo. Viungo na mambao hutafutana vyenyewe, na vinachozaa ni unga wa chembe ndogo, kila chembe ikiwa na vyumba kwa mamilioni.

Wafaransa wa Versailles walitengeneza mwaka 2005, chini ya uongozi wa Gérard Férey, kiunzi cha kromu kiitwacho MIL-101. Vyumba vyake vina upana wa nanomitri 2.9 na 3.4. (Mitri moja ikikatwa vipande miliari moja, kipande kimoja ni nanomitri.) Na kuta za vyumba ni nyingi ajabu. Kuna viunzi ambavyo gramu moja tu, kuta zake zote zikitandazwa chini, hufunika mitri za mraba zaidi ya 7000, karibu uwanja mzima wa mpira.

4. Namna rangi inavyonaswa

Kwa rangi kunaswa, sherti mambo mawili au matatu yapatane.

La kwanza ni mlango. Molekuli ya Nyekundu ya Kongo ni ndefu, imezidi nanomitri mbili. Ikikuta chumba chenye mlango mdogo, inabaki nje, imeshikwa ukutani tu kama popo juu ya mti. Ikikuta milango mikubwa kama ya MIL-101, ina njia ya kuingia ndani.

La pili ni umeme. Molekuli nyingi za rangi, zikiwa majini, zina umeme juu yake. Nyekundu ya Kongo ina umeme hasi fasi mbili. Rangi ya buluu iitwayo methileni ina umeme chanya. Ukuta wenye umeme chanya huvuta ile nyekundu na kusukuma ile ya buluu; ukuta wenye umeme hasi hufanya kinyume. Kwa hiyo hakuna kiunzi kimoja cha rangi zote. Anayesema kwamba unga wake unaondoa kila rangi katika kila maji, tusimsadiki upesi.

La tatu ni umbo. Molekuli nyingi za rangi ni bapa, na mambao ya viunzi vilevile ni bapa. Vitu bapa hupenda kulaliana kama sahani zilizopangwa kabatini.

Mwaka 2010 watafiti wa Korea ya Kusini walitumia MIL-101 kwa rangi ya machungwa iitwayo methili, wakaona kwamba kiunzi kile kinashika rangi kushinda makala ya viwandani. Kiisha wakatia ndani ya kuta zake vipande vyenye azoti, vinavyopata umeme chanya, na kiunzi kikashika zaidi tena. Tangu hapo kazi za namna hiyo zimekuwa nyingi sana.

Sasa tuone ile ya kobalti. Jina lake ni ZIF-67. Kobalti iliyoyeyushwa majini ina rangi ya waridi. Ukiichanganya na mambao yake, unga wa zambarau unatokea, hata bila moto. Ukuta wake majini una umeme chanya, ndiyo sababu inashika Nyekundu ya Kongo kwa nguvu, ingawa milango yake ni midogo na rangi haipiti. Basi hapo ndipo rangi iliyobeba jina letu inapokutana na madini yanayotoka Kolwezi na Likasi. Jina lilichukuliwa pasipo sisi kuulizwa. Na madini je, yatachukuliwa namna gani? Tunapouliza swali hilo, tujue kwanza thamani ya kitu chenyewe na mipaka yake.

5. Mipaka ya kazi hii

Hapa tusemeshane kama watu wazima. Mtu akisoma habari za Nobel anaweza kufikiri kwamba matata ya maji yamekwisha. Bado.

Kwanza, viunzi vingine vinaogopa maji. Kile cha zinki cha mwaka 1999, chenye kuvumilia moto, kinabomoka kwa unyevu. Wenye elimu wa Oslo walitoa mwaka 2008 kiunzi cha zirkonyumu, UiO-66, kilicho kigumu zaidi majini. Lakini ZIF-67, hasa maji yakiwa na asidi, huacha kobalti yake itoke pole pole. Hapo tumetoa rangi, tumeweka kobalti mahali pake; nayo kobalti katika maji ya kunywa ni sumu.

Pili, viunzi ni unga mwembamba sana. Ukitupwa katika maji ya kiwanda, nani ataukusanya tena? Sherti utiwe katika tembe, au katika kitambaa, au uchanganywe na kitu kinachovutwa na sumaku. Na gharama yake inaishinda ile ya makala kwa mbali.

Tatu, maji ya chumba cha majaribio si maji ya kiwanda. Kule chumbani mna maji safi na rangi moja tu. Katika maji ya kiwanda mna rangi kumi, sabuni, wanga, na chumvi nyingi mno, ambayo hutiwa kusudi rangi iingie katika pamba. Vitu hivi vyote hugombania kuta zilezile.

Mfano wa kweli ni mji wa Tiruppur kule India, penye viwanda vingi vya nguo za pamba kando ya mto Noyyal. Kwa miaka mingi maji ya rangi yalitiririka mtoni. Boma la maji la Orathupalayam, lililojengwa kusudi wakulima wapate kunyweshea mashamba, likajaa taka za viwanda. Wakulima walishtaki. Mwezi wa Januari 2011 mahakama kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi vifungwe, mamia ya viwanda kwa mara moja, na wafanyakazi wengi wakabaki bila kazi. Tuangalie vema: kilichoua mashamba yale hasa ni chumvi, wala si rangi peke yake. Kama mtu angalikamata rangi yote kwa viunzi vya Nobel, maji yangalikuwa meupe, na mashamba yangalikufa vilevile.

Nne, na hili ndilo neno la maana kupita yote: kukamata si kuharibu. Rangi iliyotoka majini imo ndani ya unga. Ukiuosha unga kwa alkoli kusudi utumike tena, rangi inahamia katika alkoli. Ukiutupa shimoni, mvua itaweza kuirudisha mtoni. Ndiyo maana watafiti wengine wanatafuta viunzi ambavyo kwa nguvu ya mwanga wa jua vinaikata rangi vipande vidogo kabisa, mpaka ibaki maji, gazi ya kaboni na chumvi kidogo. Ni kazi nzuri, lakini sherti ukataji ufike mwisho; ukiishia njiani, tumekwisha ona kwamba vipande vyaweza kuwa vibaya kuliko rangi nzima.

6. Jaribio la kufanya darasani

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili pasipo mashini. Achukue chupa mbili nyeupe zenye maji sawasawa, atie katika kila moja matone machache ya wino wa buluu. Katika chupa ya kwanza atie vijiko viwili au vitatu vya makala yaliyotwangwa na kuoshwa. Ya pili aiache hivihivi. Atikise zote mbili, aziweke mpaka kesho yake, kiisha apitishe maji ya kila moja katika kitambaa kizito kilichokunjwa mara nyingi. Wino wa chupa ya kwanza utakuwa umepungua.

Kisha aulize maswali matatu. Wino umekwenda wapi? Makala haya tuyatupe wapi? Na maji haya yanaweza kunywewa? La kwanza litajibiwa upesi. La pili litaleta ubishi. La tatu jibu lake ni hapana: makala ya nyumbani hayaui vijidudu vya kuhara, na jicho haliwezi kuviona. Darasa likielewa majibu hayo, limeelewa karibu yote ambayo makala hii ilitaka kusema.

7. Tufanye nini basi

Viunzi vya madini ni kazi ya akili kubwa, na kizazi chetu kinayo haki ya kujifunza kuvitengeneza, maana shaba na kobalti viko chini ya miguu yetu. Kijana wa seminari au wa shule apendaye shimi asifikiri kwamba elimu hiyo ni ya Kyoto na Melbourne tu. Yaghi alitoka katika nyumba isiyo na bomba.

Lakini kijiji kisingoje viunzi. Mahali penye kutiwa nguo rangi, ndoo isimwagwe karibu na chemchemi wala mtoni wanakoteka watu. Mahali penye kiwanda, swali la kwanza si « wataondoa rangi namna gani? » bali « wanaweka nini majini, na wanapeleka wapi kile walichokitoa? » Mtu akileta unga wa kusafisha maji na kuusifu, aulizwe mambo manne: unashika nini, hauwezi kushika nini, wenyewe unaacha nini majini, na ukishajaa utatupwa wapi. Akijibu yote manne, tumsikilize. Akionyesha tu gilasi ya maji meupe, tukumbuke kwamba rangi ikitoweka machoni haijafa. Imehama, nasi tutafute imehamia wapi.